Boti ipi upeleke Reelfoot: ya besi, ya alumini, ya wenyeji au kayaki?

Kila msimu wa krapi, samaki wa ziwani, unapokaribia, ndugu zetu wanaoishi Memphis, Nashville na hata Bowling Green kule Kentucky huanza kuulizana: nina boti, au nataka kununua boti, je, itafaa ziwa Reelfoot? Wengine wameshanunua boti ya besi, ile ndefu ya faiba inayong'aa, iliyoundwa kwa kuvua samaki aitwaye besi, kwa sababu ndiyo wanayoiona kwenye mashindano. Wengine wana kijiboti cha alumini walichouziwa na jirani na wanakionea haya. Jibu langu halimpendezi kila mtu, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Kwanza ulijue ziwa lenyewe. Reelfoot liko pembe ya kaskazini-magharibi ya Tennessee, karibu na mto Mississippi, mwendo wa saa mbili hivi kutoka Memphis. Kati ya Desemba 1811 na Februari 1812 matetemeko ya New Madrid yalilipiga eneo lile, ardhi ikadidimia, maji yakajaa juu ya msitu. Miti ikafa imesimama. Miaka ilivyopita, sehemu zilizokuwa juu ya maji zilioza na kuangushwa na upepo. Zilizo chini zilibaki, maana mbao ya msaiprasi ikikaa majini hudumu kupita kiasi. Ndiyo maana leo kuna ziwa lenye kina cha wastani cha futi 5 hivi, na penye kina kirefu kabisa ni kama futi 18, huku chini visiki vimetapakaa kila upande. Kisiki kilichochomoza unakiona na kukikwepa. Cha kuogopa ni kile kilichojificha inchi nne au tano chini ya maji ya rangi ya chai, palipo shwari, pasipo hata yungiyungi la kukuonya.

Wakenya waliovua Naivasha wataelewa haraka. Besi wa kule asili yao ni Marekani, walipelekwa mwishoni mwa miaka ya 1920, na maji ya Naivasha yalipopanda kuanzia mwaka 2020 hivi, migunga mingi ya ukingoni ilikufa imesimama majini. Anayejua kupita katikati ya migunga ile kwa boti ana mwanzo mzuri. Tofauti ni kwamba Reelfoot miti imekuwa ikikatika kwa miaka mia mbili, na mingi haionekani tena.

Kwa hiyo mimi hupima boti ya Reelfoot kwa jambo moja kabla ya yote. Kasi, viti na uzuri vinafuata baadaye. Utagonga kisiki, mwenyeji hugonga na mgeni hugonga. Ikishagonga, boti inakuwaje, na wewe unakuwaje?

Boti ya besi ya faiba

Nianze na hii kwa sababu ndiyo inayoleta ubishi. Boti ya besi ya kawaida ina urefu wa futi 18 hadi 21 na mashine ya HP 150 hadi 250 inayoning'inia nyuma. Ukijumlisha mafuta, betri na mizigo, ile ya futi 20 hufika kilo 1,300 hivi. Ina sakafu pana mbele na nyuma, watu wawili wanasimama na kurusha bila kugusana, ina tangi la kuweka samaki hai, na upepo ukivuma inatulia. Kwa Kentucky Lake, bwawa kubwa lililo mashariki ya Reelfoot, lenye maji mapana na mwendo mrefu kutoka ghuba moja hadi nyingine, sina ninachoweza kuifananisha nayo. Imeundwa kwa maji ya namna hiyo.

Reelfoot sifa zake nyingi zinageuka kuwa mzigo. Ikisimama, mashine ikiwa imeinuliwa, tumbo lake huzama inchi 14 hadi 16. Mashine ikiteremshwa, ncha ya chini hufika futi mbili na nusu, na hapo umeshagusa nusu ya kina cha ziwa sehemu nyingi. Uzito ndio unaoumiza zaidi. Boti ya kilo 1,300 ikipanda kisiki kwa mwendo wa polepole tu, inakikalia. Katikati ya tumbo inakaa juu ya mti, omo (mbele) na tezi (nyuma) vinaning'inia majini, na watu wawili hawana nguvu ya kuisukuma. Nimeiona boti ya namna hiyo ikizunguka taratibu juu ya kisiki, upepo unaigeuza kushoto, unairudisha kulia, na wenyewe wamekaa kimya wakimsubiri mtu apite.

Faiba nayo ina tabia yake. Ikigongwa haibonyei, inapasuka. Ule mpako wa nje wenye rangi hupata ufa mwembamba kama unywele, unauona kidogo sana, na maji huanza kunyonywa ndani ya tabaka za faiba polepole. Ukarabati wake unataka fundi anayejua kazi, boti ikauke kwanza, na bei yake si ya kucheza. Ukigonga kwa propela, sehemu ya chini ya mashine kubwa, yenye gia ndani, ikivunjika ni dola elfu kadhaa kuibadilisha.

Na kuna hatari inayozidi fedha. Boti hizi zikipewa mafuta huinuka na kuteleza juu ya maji, na zikiteleza hazihitaji kina kirefu. Hapo ndipo mtu hushawishika: nikikimbia nitapita juu ya visiki. Ni kweli tumbo litapita. Mashine haitapita. Mashine nzito ikigonga gogo kwa kasi ya maili 50 kwa saa inarushwa juu na nyuma, inaweza kung'oka, na zipo ajali zilizotokea Marekani ambapo mashine iliangukia ndani ya boti huku propela ikizunguka. Nje ya njia zilizowekewa alama, kukimbia Reelfoot sikushauri mtu yeyote, awe mzoefu au mgeni.

Boti ya alumini yenye tumbo bapa

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wengi, na nitaitetea.

Chukua boti ya futi 16, upana wa inchi 48 au zaidi sakafuni, na mashine ya HP 15 hadi 25 inayoongozwa kwa mkono nyuma. Vyote pamoja ni kilo 200 hadi 250 kabla ya watu kuingia. Tumbo linazama inchi nne hadi sita. Gari dogo linaivuta. Ikipanda kisiki, sauti yake utaisikia mifupani, kishindo kikubwa kama mtu amepiga pipa kwa rungu, na samaki wote wa karibu watakimbia. Lakini ukihamia upande mmoja ukachomeka upondo, mti mrefu wa kusukumia boti, inashuka. Utaangalia chini utakuta imebonyea. Boti iliyobonyea inavua kama ile isiyobonyea.

Faida nyingine hailetwi sana mezani: unaongoza ukiwa nyuma, mkono uko kwenye mashine yenyewe, na mashine ndogo ikigusa kitu unaihisi kiganjani kabla ya kuvunjika. Mashine ndogo nyingi huruka juu zenyewe zikigonga ukiwa unakwenda mbele, mradi kifungo chake cha kuizuia hakijafungwa. Kikague kabla ya kuondoka ufukweni. Ukirudi nyuma mambo ni tofauti: mashine hujifunga isiruke, na propela ndiyo inayotangulia kukutana na kisiki. Kwa hiyo nyuma nenda kwa upondo au kafi pale unapoweza.

Chaguo la pili ndani ya chaguo hili ni ribiti (misumari ya kuunganishia mabati) au kuchomelewa. Boti ya ribiti ni nyepesi na rahisi kwa bei, lakini kila kishindo hulegeza ribiti kidogo, na baada ya misimu kadhaa ya visiki itavuja. Iliyochomelewa, yenye bati la unene wa inchi 0.100 (milimita mbili na nusu), ni nzito kidogo na ghali zaidi, ila ndiyo ya Reelfoot. Kama una fedha ya jambo moja tu, iweke kwenye unene wa bati badala ya ukubwa wa mashine.

Ubaya wake upo na sitauficha. Upepo wa kaskazini ukishuka kwenye ziwa la kina kifupi, mawimbi huwa mafupi na yamesimama wima, na boti ya tumbo bapa itakupiga makalio na kukulowesha. Watu watatu wazito na mizigo yao ni wengi mno. Ukisimama ghafla ukingoni inalala. Mwenye watoto ajue hilo, na anunue ile pana zaidi.

Wapo wanaofunga kwenye boti hizi mashine za matope, zile zenye mhimili mrefu, propela ikiwa nyuma kabisa karibu na uso wa maji, zinazopoozwa na hewa. Hupita juu ya magogo na ndani ya majani mazito ambamo mashine ya kawaida ingeziba njia yake ya maji na kuchemka. Kwa mwindaji wa bata ni jibu kamili. Kwa mvuvi zina makelele mengi na kuzigeuza mahali pembamba kunachosha mkono. Singeanza nazo.

Boti ya wenyeji

Watu wa Reelfoot walishalijibu swali hili zamani kwa kuunda boti yao wenyewe, ambayo jina lake la mtaani lina maana ya mruka-visiki. Ni nyembamba, imechongoka mbele na nyuma, na asili yake ni mbao za msaiprasi wa hapohapo. Familia ya Calhoun wa Tiptonville, mji ulio kando ya ziwa, waliiunda kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1998 Dale Calhoun alipewa tuzo ya taifa ya urithi wa sanaa za jadi kwa kazi hiyo. Nataja tuzo kwa sababu watu huidharau boti ile wakiiona imeegeshwa, wakidhani ni kitu cha makumbusho.

Iangalie kwa karibu. Injini ndogo ya petroli imekaa katikati ya boti, sehemu ambayo kwenye boti nyingine ungekaa mtu. Kutoka hapo mhimili unapita sakafuni hadi propela iliyo chini ya tumbo, na chini ya propela kuna chuma cha kuikinga. Kisiki kikija kinakutana na mbao, kisha chuma, boti inapanda, inateleza, inashuka upande wa pili, na propela haijaguswa. Makasia yake nayo yana bawaba: unavuta kuelekea kwako kama kawaida, na boti inakwenda mbele huku wewe ukitazama unakokwenda. Kwenye ziwa la visiki, kupiga makasia ukiwa umegeuzia mgongo unakokwenda ni kujitafutia balaa, kwa hiyo bawaba ile ndogo ina akili nyingi.

Kwa kupita kwenye visiki, hakuna inayoishinda. Lakini kuinunua si rahisi, nafasi yake ndani ni ndogo, na ukitoka Reelfoot ukaenda kwenye maji mapana haitakufaa. Kama hujawahi kufika, panda na mwongoza wavuvi wa pale kwa siku yako ya kwanza, ukipata mwenye boti hiyo ni bahati zaidi. Angalia anapunguza wapi, anazunguka wapi, anakata kona wapi. Utajifunza njia zaidi kwa siku moja kuliko ramani yoyote itakavyokufundisha.

Kayaki

Kayaki ya plastiki ya futi 10 hadi 12 inaingia popote, inabebwa juu ya gari, na ikigonga kisiki haipati kitu. Chagua ya kafi, au ya kanyagio ambayo mapezi yake yanakunjika yakigusa. Uvuvi wa besi kandoni mwa misaiprasi mwezi wa Aprili, ukiwa peke yako, unapendeza sana ndani ya kayaki. Kasoro ni umbali na upepo. Usiende nayo mbali na ufuko wakati wa baridi. Maji ya Machi bado yanaua.

Kama boti ya besi unayo tayari

Sikuambii uiuze. Reelfoot ina mabonde kadhaa ya maji, na lile la Blue Basin ndilo pana na lenye kina zaidi. Hapo boti ya besi inaweza kufanya kazi ya heshima, ikiwa utakubali masharti ya ziwa.

Mwendo uwe wa aina mbili tu. Ama unatambaa kabisa, omo imelala, ama uko ndani ya njia yenye alama na boti inateleza. Mwendo wa katikati ndio mbaya kuliko yote: omo inainuka, huoni mbele, na tezi inazama zaidi kuliko hata ikiwa imesimama. Watu wengi hufikiri wanajihadhari kwa kwenda nusu nusu, kumbe ndipo wanapochimba.

Propela ya alumini ni bora kuliko ya chuma kisichoshika kutu kwa kazi hii. Ya chuma haipindi, na kwa kuwa haipindi kishindo chote huenda kwenye mhimili na gia. Ya alumini inakatika bawa, unaifungua, unaweka nyingine. Beba ya akiba, spana yake na pini zake, na ujifunze kuibadilisha ufukweni kabla hujalazimika kuibadilisha majini. Kama tezi ya boti ina kile kifaa cha kuinua mashine wima, iinue hadi pale maji ya kupoozea yanapoendelea kuruka vizuri, usizidishe.

Ukifika eneo la kuvua, zima mashine kubwa na uiinue kabisa. Tumia ile mashine ndogo ya umeme iliyofungwa mbele. Kwenye visiki napendelea ya kamba na kanyagio kuliko za kisasa zinazojiongoza, kwa sababu mguu wako unahisi na unageuza papo hapo. Mhimili wake uwe wa aina inayojipinda au kujikunja ukigonga.

Kifaa cha GPS kina kazi moja kubwa hapa: kuweka alama ya njia uliyokwenda. Rudi kwa njia hiyohiyo, hata kama ufuko unauona karibu ukikata moja kwa moja. Ila njia ya Aprili si ya Septemba. Maji yakipungua mwishoni mwa kiangazi, kisiki ulichopita juu yake bila kujua kinakuwa usawa wa propela. Miwani ya kuondoa mng'ao wa maji itakuonyesha vingi, hasa jua likiwa juu. Alfajiri na jioni haitakusaidia sana, na ndio wakati watu wana haraka.

Ukikwama, usiongeze mafuta. Weka gia katikati, inua mashine, angalia kisiki kiko chini ya sehemu gani. Kiko mbele, watu wote warudi nyuma ili omo iinuke. Kiko katikati, tikiseni boti upande hadi upande kwa pamoja, huku mmoja akisukuma kwa upondo kuelekea mlikotoka. Asishuke mtu. Matope ya Reelfoot ni laini na yana mizizi, mguu ukiingia hautoki kirahisi.

Kuhusu sheria, kwa ufupi. Tennessee inamtaka mtoto wa miaka 12 na chini avae jaketi la kuokolea boti ikiwa inakwenda, na aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1989 awe na cheti cha usalama wa boti ili aendeshe mashine inayozidi HP 8.5. Tangu Aprili 1, 2021 sheria ya shirikisho inamtaka dereva wa boti iliyo chini ya futi 26 yenye kamba ya kuzima mashine aifunge mwilini boti inapoteleza. Mimi nasema ifunge hata ukitambaa. Kisiki hakihitaji kasi kubwa kukutupa majini, na boti isiyo na mtu huzunguka na kurudi pale ulipoangukia. Uliza pia bima yako kwa maandishi kama inalipa kugonga kitu kilichozama.

Kwa anayeanza kutoka sifuri, basi, hesabu yangu ni hii. Boti mpya ya besi ya futi 20 hupita dola 60,000 bila shida, na bado inataka gari kubwa la kuivuta. Boti ya alumini iliyotumika, pamoja na mashine na trela, hupatikana kwa sehemu ndogo ya fedha hizo. Atakayevua Reelfoot mara nyingi na Kentucky Lake mara moja moja, achukue alumini. Atakayevua Kentucky Lake mara nyingi, achukue ya besi, na Reelfoot apande ya mwongozaji.

Ukienda kuikagua hiyo ya alumini iliyotumika, usiridhike na kuitazama. Mwombe muuzaji mpira wa maji, ziba tundu la kutolea maji, mimina maji sakafuni hadi yafike inchi tatu au nne, boti ikiwa juu ya trela. Zaidi ya hapo uzito utaielemea trela. Kaa nusu saa. Kisha pita chini yake na kitambaa kikavu, ribiti kwa ribiti, ukianzia mkukuni, yaani uti wa chini wa boti, na kumalizia kwenye ubao wa tezi unaobeba mashine. Ribiti mbili tatu zinazotoa tone zinakazwa na kuzibwa kwa kazi ya alasiri moja. Ubao wa tezi ukiubonyeza kwa kidole ukaona laini, umeoza ndani, na hapo shukuru, funga mpira wa mwenyewe vizuri, uende ukatazame nyingine.